Mbona Damu Tena? Kingamwili na Mizani ya Chanjo za Korona

Maandishi ya mada iliyowasilishwa mbele ya wakazi, viongozi wa mitaa na wahamasishaji wa afya ya jamii, Kaunti ya Kilifi



Mada ya leo inaanza na swali ambalo wahudumu wanaoshiriki utafiti wa chanjo huulizwa mara kwa mara: "Chanjo nimeshadungwa. Mbona mnataka damu tena?" Swali hili si la kubezwa. Pwani hii ina hadithi ya mumiani tangu enzi za mababu, na mtu aliyelelewa kwa kuonywa asikutwe na giza njiani, mumiani asije akamnyonya damu, hawezi kulaumiwa akitaka kujua damu yake inapelekwa wapi. Kibaya ni yeye kuuliza akakosa jibu, au kujibiwa kwa maneno ya kitaalamu yanayomwacha pale pale alipokuwa.

Jibu kwa ufupi ni hili. Damu ile hupimwa ili kujua kama mwili umetengeneza kingamwili zenye uwezo wa kuzima virusi vya korona. Kipimo hicho ndicho kilichosaidia dunia kuamua chanjo ipi inafaa, dozi ngapi zinatosha, na kama chanjo ya jana bado inakabili kirusi cha leo. Lakini kina mpaka wake, na mpaka huo unamhusu kila mkazi anayefikiria kulipa pesa zake apimwe kingamwili ili ajue kama bado anahitaji chanjo. Mambo haya mawili ndiyo yatakayozungumzwa hapa.

Kwanza kingamwili zenyewe. Kirusi cha korona kimezungukwa na miiba. Kila mwiba ni kama ufunguo, na juu ya seli za pua, koo na mapafu kuna vitasa vinavyoufaa ufunguo huo. Mwiba ukiingia kitasani, kirusi kinaingia ndani na kuanza kuzaana. Mtu akiugua, au akichanjwa, mwili hutengeneza kingamwili, ambazo ni chembe ndogo sana za protini zinazoelea kwenye damu na kumshika mgeni. Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Si kila kingamwili inayomshika mgeni inamzuia. Nyingine hushika mpini wa ufunguo, na ufunguo bado unazunguka kitasani kama kawaida. Nyingine hushika meno yenyewe ya ufunguo, kama ufunguo uliopakwa nta hadi ukakataa kuingia. Hizi za pili ndizo zinazoitwa kingamwili za kuzima virusi. Kuzima hapa si lazima kuwe kuua. Ni kukifanya kirusi kishindwe kuingia kwenye seli.

Tofauti hiyo inaonekana katika tafiti zilizofanyika humu nchini. Kenya ilipata mgonjwa wa kwanza wa COVID-19 Machi 2020. Kati ya Aprili na Juni mwaka huo, watafiti wakiwemo wa kituo cha KEMRI-Wellcome Trust hapa Kilifi walipima sampuli 3,098 za wachangiaji damu kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Baada ya kurekebisha hesabu, walikadiria kuwa asilimia 4.3 ya watu walikuwa tayari wana kingamwili dhidi ya kirusi hicho. Mombasa ilikuwa asilimia 8.0, Nairobi 7.3 na Kisumu 5.5. Hadi mwisho wa Julai 2020 hesabu rasmi ilikuwa wagonjwa 20,636 tu nchi nzima. Kwa hivyo damu ilisema ukweli ambao madaftari ya hospitali hayangeweza kuusema: watu wengi walikuwa wamekutana na kirusi bila wenyewe kujua. Ila kipimo hicho kiliuliza swali moja tu, kingamwili zipo au hazipo. Hakikuuliza zina nguvu gani. Ili kujua nguvu yake inabidi kingamwili na kirusi vikutanishwe ana kwa ana, na kazi hiyo ni nzito zaidi.

Inafanywa hivi. Damu ikichukuliwa huachwa igande, kisha yale maji yake ya manjano yanayobaki juu, ambamo kingamwili zimo, hutengwa. Maji hayo hupashwa moto wa nyuzi 56 kwa nusu saa ili vitu vingine vya damu visiingilie jaribio. Halafu yanazimuliwa. Kila mpishi wa pwani anaielewa hatua hii. Mama akikamua nazi anapata kasimile, tui zito. Akiliongeza maji mara moja, bado ni tui. Akiongeza tena na tena, itafika mahali mchuzi haupati ladha ya nazi kabisa. Nazi nzuri huvumilia maji mengi; nazi koroma hukinai mapema. Maabara inafanya hivyo hivyo: sehemu moja ya maji ya damu katika sehemu 10, halafu 20, halafu 40, 80, 160, 320 na kuendelea. Kila kiwango huchanganywa na kiasi kile kile cha virusi hai na kuachwa kwa muda wa kama saa moja, kwenye joto la mwili wa binadamu, vipambane.

Baada ya hapo mchanganyiko humiminwa juu ya seli zilizooteshwa chini ya kisahani cha maabara, zikatanda kama mkeka uliosukwa vizuri bila tundu. Seli zinazotumika zaidi zina historia yake. Zinaitwa Vero, na zilitokana na figo ya tumbili wa Kiafrika, ndugu wa karibu wa hawa tumbili wanaoiba maembe mashambani, mwaka wa 1962 katika mji wa Chiba nchini Japani. Toka wakati huo zimeendelea kuoteshwa katika maabara kote duniani. Kirusi chochote kilichoponyoka kinaingia kwenye seli moja, kinaiua, kinarukia jirani zake, na baada ya siku chache mkeka unakuwa na tundu. Kisha kisahani hutiwa rangi ya zambarau, ambayo kwa kweli ni ile ile dawa ya GV waliyokuwa wakipakwa watoto wenye vidonda mdomoni. Seli zilizo hai hushika rangi, matundu hubaki meupe, na mtaalamu huketi akayahesabu.

Tuseme kisahani kisicho na kingamwili kimetoboka matundu 50. Mtaalamu hutafuta ni wapi matundu yamepungua hadi nusu, yaani 25. Kama ni pale maji ya damu yalipozimuliwa mara 160, basi kiwango cha mtu huyo ni 160. Aliyefika 640 ana kingamwili zenye nguvu mara nne ya mwenzake. Mambo ni hayo tu. Nyuma ya neno refu la kitaalamu kuna tui, mkeka na hesabu ya matundu.

Ugumu ni kwamba virusi vinavyotumika ni hai. Kwa korona, kazi hiyo yafaa ifanyike katika maabara ya daraja la tatu la usalama, yenye hewa inayovutwa ndani isitoke nje ovyo na wafanyakazi waliojifunika mwili mzima. Maabara za namna hiyo si nyingi, na kazi inakwenda polepole. Kwa sababu hiyo wataalamu walibuni kirusi bandia. Wanachukua kirusi kingine kilichohasiwa kisiweze kuzaana, wanakivalisha miiba ya korona, na ndani yake wanaweka maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya kile kile kinachomfanya kimulimuli ang'ae usiku. Kirusi bandia kikifaulu kuingia kwenye seli, seli inatoa mwanga. Kingamwili zikikizuia, giza. Mashine inapima mwanga, na kazi ya siku kadhaa inafupika, tena katika maabara ya kawaida zaidi.

Hapo likazuka tatizo ambalo wafanyabiashara wa soko lolote wanalifahamu. Zamani mtu akinunua mchele kwa pishi, pishi ya duka hili haikuwa lazima iwe sawa na ya duka la pili, na ndiyo maana serikali ikaweka maafisa wa mizani na vipimo. Maabara za dunia nazo mwaka wa 2020 zilikuwa kila moja na pishi yake. Moja ilitumia kirusi hai, nyingine bandia. Moja ilihesabu nusu ya matundu, nyingine ilitaka yapungue kwa asilimia 90. Kampuni moja ikitangaza kiwango cha 300 na nyingine 4,000, hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika nani amemzidi mwenzake. Mnamo Desemba 2020 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kipimo cha mfano. Kilikuwa mchanganyiko wa damu ya watu 11 waliokuwa wamepona korona nchini Uingereza, ukakaushwa na kufungwa katika vichupa vidogo. Kila kichupa kilipewa thamani moja: kikifunguliwa kwa kiasi kilichowekwa cha maji, kina yuniti 1,000 kwa kila mililita. Maabara ikipima kichupa hicho pamoja na sampuli zake, inajua pishi yake inazidi au inapungua kwa kiasi gani. Watu 11 waliotoa damu yao hawakulipwa umaarufu wowote, lakini mizani ya dunia nzima ilisimama juu yao.

Baada ya kuwa na kipimo, swali la maana zaidi likafuata: je, mwenye kingamwili nyingi kweli anakingwa zaidi? Jambo linaweza kuonekana wazi na lisiwe kweli, na sayansi haikubali dhana tupu.

Mwaka wa 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, pamoja na wenzao walikusanya matokeo ya chanjo saba pamoja na ya watu waliopona. Kwa kila chanjo walilinganisha wastani wa kingamwili na jinsi chanjo ilivyokinga watu katika majaribio makubwa. Nukta zikajipanga vizuri kuliko wengi walivyotarajia: chanjo zilizoamsha kingamwili nyingi ndizo zilizokinga zaidi. Walikadiria kuwa kiwango cha kama asilimia 20 ya kile cha mtu aliyepona kinatosha kukinga nusu ya watu wasiugue. Kwa ugonjwa mkali, ule wa kulazwa na kuwekewa oksijeni, kiwango kinachohitajika kilikuwa kidogo zaidi, karibu asilimia 3.

Baadaye mwaka huo huo ukaja uchambuzi wa jaribio la Moderna huko Marekani, lililokuwa na zaidi ya watu 30,000. Wiki nne baada ya dozi ya pili, waliokuwa na kiwango cha 10 walikadiriwa kukingwa kwa asilimia 78, wenye 100 kwa asilimia 91, na wenye 1,000 kwa asilimia 96. Mtu akiziangalia namba hizo kwa makini ataona mambo mawili. Kwanza, kingamwili zikiongezeka, kinga inaongezeka. Pili, kuongeza kingamwili mara kumi, kutoka 100 hadi 1,000, kulileta nyongeza ya asilimia tano tu. Tena hata wa chini kabisa katika orodha ile hakuwa mtupu. Hakuna mstari mmoja ambao ukiuvuka uko salama na ukibaki nyuma yake umekwisha. Ni mteremko, si ukuta.

Mteremko huo umeleta faida kubwa kwa watu ambao pengine hawakuwahi kusikia habari zake. Majaribio ya mwanzo ya chanjo yalihitaji makumi ya maelfu ya watu, nusu wapewe chanjo na nusu wasipewe, kisha isubiriwe nani ataugua. Lile la Pfizer lilikuwa na zaidi ya watu 43,000. Mara chanjo zinazofanya kazi zilipopatikana, haikuwa haki tena kumwacha mtu bila kinga kwa ajili ya kulinganisha. Njia iliyobaki ikawa kupima kingamwili. Kwa watoto wa miaka 5 hadi 11, dozi ya Pfizer ilipunguzwa ikawa theluthi ya ile ya watu wazima, na kingamwili zao zikalinganishwa na za vijana wa miaka 16 hadi 25. Zikakutwa karibu sawa, na hilo likawa sehemu kubwa ya ushahidi uliowapa ruhusa nchini Marekani Oktoba 2021. Chanjo ya Valneva iliidhinishwa Uingereza Aprili 2022 baada ya kulinganishwa na AstraZeneca katika jaribio la watu zaidi ya 4,000. Kingamwili zake za kuzima virusi zilikuwa mara 1.39 ya zile za mwenzake. Hakuna aliyeachwa bila chanjo kwa makusudi ili ipatikane hesabu hiyo.

Kilifi nayo ilikuwemo. Kati ya Oktoba 2020 na Agosti 2021 watafiti wa hapa waliwasajili watu wazima 400 wenye afya njema katika jaribio la chanjo ya Oxford na AstraZeneca. Watu 200 walipewa chanjo hiyo, na 200 wakapewa chanjo ya kichaa cha mbwa, ili kila mshiriki aondoke na kitu chenye manufaa. Dozi zilikuwa mbili, miezi mitatu katikati, na damu ikapimwa siku 28 baada ya dozi ya pili. Lengo la jaribio halikuwa kumpima mtu mmoja mmoja. Lilikuwa kujibu kama chanjo iliyojaribiwa Uingereza ingeamsha kingamwili vile vile katika miili ya watu wa huku. Wengine walisema wakati ule kwamba Waafrika wanafanywa panya wa maabara. Hofu hiyo ina mizizi yake, na haifai kupuuzwa. Lakini chanjo kuletwa bila kupimwa kwa watu wa hapa kungekuwa na hatari yake pia: dozi ingebaki ile iliyokadiriwa kwa miili ya ng'ambo, na hakuna ambaye angejua. Jaribio lilikuta chanjo imevumilika vizuri na imeamsha kingamwili.

Na hapa ndipo jibu la "mbona damu tena" linapokamilika. Damu ya kwanza, kabla ya sindano, inaonyesha mtu alianza na nini, maana wapo waliokuwa wameshaugua bila kujua. Ya pili, wiki nne hivi baada ya dozi, inaonyesha kilele. Zinazofuata miezi kadhaa baadaye zinaonyesha kingamwili zinashuka kwa kasi gani, na hapo ndipo hupatikana ushahidi wa kusema kama dozi ya nyongeza inahitajika na lini. Ikikosekana ya kwanza, zile zinazofuata hazina cha kulinganishwa nacho.

Sasa mpaka wa kipimo hiki. Mifano miwili ya Afrika Kusini inatosha.

Mfano wa kwanza ni wa Februari 2021. Nchi hiyo ilikuwa imepokea dozi milioni moja za AstraZeneca, na siku chache baadaye ikasitisha mpango wa kuzitumia. Jaribio la watu wapatao 2,000 lilikuwa limeonyesha kuwa chanjo hiyo haikuzuia vya kutosha ugonjwa mwepesi na wa wastani uliosababishwa na kirusi cha Beta. Maabara nayo ilionyesha kuwa kingamwili za waliochanjwa zilidhoofika mno mbele ya Beta, kwa baadhi yao zikawa kama hazipo. Maabara na hali halisi vilisema lugha moja. Ila washiriki wa jaribio walikuwa vijana wengi, na hakuna aliyelazwa kwa ugonjwa mkali katika kundi lolote, kwa hiyo jaribio lisingeweza kusema lolote kuhusu kifo au kulazwa. Siku chache baadaye wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walishauri chanjo hiyo iendelee kutumika hata penye virusi vilivyobadilika. Kenya ilipokea dozi milioni 1.02 za AstraZeneca tarehe 3 Machi 2021, katikati ya mjadala huo, ikaanza kuchanja siku hizo hizo.

Mfano wa pili ulikuja Novemba mwaka huo. Kirusi cha Omicron kiligunduliwa kusini mwa Afrika, na maabara moja ya Durban ikawa miongoni mwa za kwanza duniani kukikutanisha kirusi hai na damu ya watu waliochanjwa Pfizer. Uwezo wa kuzima ulianguka mara 22. Aliyetazama namba hiyo peke yake angesema chanjo imekufa. Lakini takwimu za hospitali za Afrika Kusini zilionyesha kuwa dozi mbili za chanjo ile ile bado ziliwakinga watu wasilazwe kwa asilimia 70, ikilinganishwa na 93 kabla ya Omicron. Kinga ilipungua, haikuanguka mara 22.

Sababu ni kwamba kingamwili ni askari wa mlangoni, na nyumba ina walinzi wengine. Zipo seli zinazosaka na kuua seli zilizokwisha kuingiliwa na kirusi, na hizo hazijali sana mwiba umebadilika umbo hapa au pale. Zipo seli za kumbukumbu zinazokaa kimya kwa miezi na miaka, zikisubiri kumwona mgeni yule yule ili ziamshe jeshi jipya la kingamwili. Katika jaribio la nyani aina ya rhesus lililofanyika Marekani mwaka wa 2020, kingamwili kutoka kwa nyani waliopona ziliwakinga wenzao zilipohamishiwa kwao kwa wingi. Lakini nyani waliopona, ambao kingamwili zao zilikuwa zinapungua, walipoondolewa seli zile zinazoua, kinga yao ilidhoofika. Hata uchambuzi wa Moderna uliotajwa hapo juu ulikadiria kuwa kingamwili za kuzima virusi zinaeleza takriban theluthi mbili tu ya kinga ya chanjo. Kipimo cha matundu hakizioni seli hizo kabisa.

Kutokana na hayo, kipimo hiki ni kizuri sana kwa kupima chanjo, na ni dhaifu kwa kumpima mtu. Wastani wa watu 200 unaeleza mengi kuhusu chanjo. Namba ya mtu mmoja haimwambii kama ataugua wiki ijayo. Kwa magonjwa mengine hali ni tofauti. Mtu aliyechanjwa kichaa cha mbwa akifikisha yuniti 0.5 kwa mililita, Shirika la Afya Duniani linakubali kuwa chanjo imeshika. Kwa homa ya ini aina ya B kiwango kinachotumika ni 10 kwa kipimo chake. Kwa korona hakuna kiwango kama hicho kilichokubaliwa kwa mtu mmoja mmoja, kwa sababu kirusi kinabadilika na kingamwili zinashuka mwezi hadi mwezi.

Vile vipimo vya haraka vya tone la damu kidoleni, vinavyotoa mistari miwili kama kipimo cha mimba, ni dhaifu zaidi. Vingi havipimi kuzima hata kidogo. Vinauliza tu kama kingamwili zipo, na vingine vinatafuta kingamwili za sehemu ya kirusi ambayo haimo kwenye chanjo nyingi, kwa hiyo aliyechanjwa vizuri anaweza kuambiwa hana kitu. Mei 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa ushauri kuwa vipimo vya kingamwili visitumike kuamua kama mtu amekingwa baada ya chanjo. Mzee mwenye kisukari anayetoa pesa za unga akapimwa, akaona mistari miwili na kuamua haendi tena kliniki, amepoteza pesa na huenda akapoteza zaidi. Na binti aliyeona mstari mmoja akaingiwa na hofu usiku kucha, hofu yake haina msingi. Wenye umri mkubwa, kisukari, shinikizo la damu, au kinga dhaifu waulize zahanati au kituo cha afya kilicho karibu kuhusu chanjo zilizopo. Mhudumu ataangalia umri, maradhi na tarehe ya dozi ya mwisho, wala hahitaji kipimo cha kingamwili ili atoe ushauri.

Limebaki la mwisho, haki za mtu anayeombwa damu. Jaribio lolote la chanjo nchini Kenya lazima lipitishwe na kamati ya maadili ya utafiti na liidhinishwe na Bodi ya Famasia na Sumu. Mshiriki lazima aelezwe kwa lugha anayoielewa, iwe Kigiriama, Kiswahili au nyingine: kiasi gani cha damu kitachukuliwa, mara ngapi, kitapimwa nini, sampuli itahifadhiwa wapi na kwa muda gani, na kama itapelekwa nje ya nchi. Mambo hayo yameandikwa kwenye fomu ya idhini, na nakala moja ni yake kubaki nayo. Asiyejua kusoma ana haki ya kuja na shahidi anayemwamini asomewe. Anaweza kukataa. Anaweza kukubali leo na kujiondoa kesho bila kutoa sababu, na matibabu yake ya kawaida hospitalini hayaguswi. Wahamasishaji wa afya ya jamii wanaombwa waulize maswali haya kwa niaba ya nyumba wanazozitembelea kabla fomu haijatiwa sahihi, si baada yake.

Sasa ni wakati wa maswali. Wenye swali la faragha watapata maafisa wa afya pale mezani karibu na mlango.